Kiinua Mgongo Kilichoandikwa Si Hisani, Ni Deni

 

Mwezi wa Novemba mwaka 2024, jioni moja baada ya magharibi, alinijia jirani yangu. Ni kijana aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya hospitali ya umma. Jina lake silitaji, na la mwajiri wake pia silitaji. Aliketi barazani, akafungua faili la plastiki la rangi ya samawati, akawa ananitolea karatasi moja moja taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

Ya kwanza ilikuwa mkataba wake wa kazi. Kurasa sita, kila moja ina sahihi pembeni. Ulianza tarehe 1 Julai 2018, ukaisha tarehe 30 Juni 2021. Katika ukurasa wa nne kulikuwa na kifungu alichokipigia mstari kwa kalamu nyekundu: kwamba akiumaliza mkataba kwa utendaji wa kuridhisha, atalipwa kiinua mgongo cha asilimia 31 ya mshahara wake wa msingi kwa muda wote aliotumikia.

Karatasi zilizofuata zilikuwa barua. Ya mwaka 2021 ilimwambia ombi lake limepokelewa na linashughulikiwa. Ya mapema mwaka 2022 ikasema fedha zitatengwa katika mwaka ujao wa fedha. Ukaja uchaguzi mkuu wa Agosti 2022, na baada yake barua ya tatu: uongozi mpya unahakiki madeni yote yaliyoachwa, tafadhali kuwa na subira. Zote zina mhuri wa zambarau na sahihi ya afisa. Zote zina adabu.

“Mzee,” akaniambia, “hawakunikataa hata siku moja. Kila nikienda wananikaribisha, wananiambia nisubiri.”

Nikachukua ile karatasi ya mkataba, nikahesabu kwa vidole. Kutoka tarehe 30 Juni 2021 hadi tarehe 30 Juni 2024 ni miaka mitatu kamili. Yeye alikuwa amekaa mbele yangu mwezi wa kumi na moja. Alikuwa amechelewa miezi minne na ushei kwenda mahakamani.

Wasikilizaji, hili ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Tulilelewa tukiambiwa subira huvuta heri. Lakini pia tuliambiwa kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika madai ya kiinua mgongo dhidi ya mwajiri wa umma hapa Kenya, methali hii ya pili ndiyo yenye sheria nyuma yake.

Tuanze na kitu chenyewe. Kiinua mgongo ni fedha anazolipwa mfanyakazi kwa mkupuo mmoja anapomaliza kazi. Mtumishi wa umma wa kudumu ana pensheni yake. Yule wa mkataba wa miaka miwili au mitatu kwa kawaida hana pensheni ile. Badala yake huandikiwa kiinua mgongo. Kiwango ambacho kimezoeleka katika utumishi wa umma nchini mwetu ni hicho hicho cha asilimia 31 ya mshahara wa msingi. Sikilizeni vizuri: mshahara wa msingi. Marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayahesabiwi, isipokuwa mkataba wako useme hivyo. Wengi huhesabu jumla yote inayoonekana kwenye hati ya mshahara, halafu wakipewa hesabu sahihi huona wamedhulumiwa.

Tufanye hesabu ya kijana wetu. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni shilingi 1,440,000. Asilimia 31 ya hizo ni shilingi 446,400, kabla ya kodi. Hizo ni fedha za kununulia kiwanja kidogo, au za kumlipia mtoto karo ya shule ya upili hadi amalize. Kwa mtu ambaye mshahara umekatika, hizo ndizo za kumwinua mgongo baada ya kuinama miaka mitatu juu ya darubini akichunguza damu na makohozi ya watu wengine.

Sasa, je, ni haki yake au ni hisani ya mwajiri? Hapa watu wengi huteleza, waajiri na wafanyakazi sawia. Mwaka 2016, katika kesi iliyohusu kampuni ya saruji ya Bamburi, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kiinua mgongo kwa asili yake ni malipo ya hiari ya mwajiri. Mfanyakazi hachangii hata senti moja ya mshahara wake. Kuna maafisa wanaoshika maelezo kama hayo na kusema: mnaona, ni zawadi, tutatoa tukipata.

Hapana. Maana yake ni kwamba sheria haimlazimishi mwajiri kukuandikia kiinua mgongo. Kama hakikuandikwa katika mkataba wako, wala katika makubaliano ya chama cha wafanyakazi, wala katika kanuni za utumishi zinazokuhusu, mahakama haitakitoa hewani ikupe. Lakini kikishaandikwa na pande mbili zikatia sahihi, hiari imekwisha siku ile ya sahihi. Ahadi ni deni, ndivyo tunavyosema. Ahadi iliyopigwa mhuri na mwajiri wa umma ni deni zaidi, kwa sababu mtu aliikubali kazi kwa kuitegemea. Pengine alikuwa na nafasi kwingine ya mshahara mkubwa kidogo, akaiacha akihesabu ile asilimia 31. Kiinua mgongo cha namna hii ni ujira uliofanyiwa kazi tayari, ila umewekwa ulipwe mwisho.

Na aliye kwenye mkataba usiotaja kiinua mgongo kabisa? Huyo asome kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kinachozungumzia malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi. Ila asome hadi mwisho, kwa sababu kifungu hicho kinawaacha nje wanaochangiwa katika Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, ile NSSF, na walio katika mipango ya pensheni au ya kiinua mgongo. Wengi wetu tunakatwa NSSF, kwa hivyo mlango huo ni mwembamba.

Turudi kwenye kalenda, maana ndiyo iliyomponza jirani yangu. Sheria hiyo hiyo ya Ajira, katika kifungu cha 90, ambacho toleo jipya la sheria zetu limekipa namba 89, inasema madai yanayotokana na mkataba wa kazi lazima yafikishwe mahakamani ndani ya miaka mitatu. Wanaodai madeni mengine ya mikataba hupewa miaka sita. Mfanyakazi amepewa mitatu. Na mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba hazina uwezo wa kumwongezea mtu muda huo, hata kisa chake kiwe cha kutoa machozi.

Lakini nilikuwa nazungumza nao, utasema. Nilikuwa na barua zao. Mwaka huo huo wa 2016, katika kesi iliyohusu kampuni ya reli ya Rift Valley, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba mazungumzo ya pande mbili hayasimamishi muda. Mnaweza kuandikiana barua, mkanywa chai pamoja ofisini, mkapeana tarehe; kalenda inaendelea kuhesabu. Hata kulalamika kwa afisa wa leba, ambako ni hatua nzuri, si sawa na kufungua kesi.

Kuna mtego mwingine humo humo. Mtu amefanya kazi miaka tisa katika shirika moja la serikali, kwa mikataba mitatu ya miaka mitatu mitatu. Kiinua mgongo cha mkataba wa kwanza hakulipwa, akaambiwa watalipa vyote pamoja mwishoni. Akakubali, kwa sababu alitaka mkataba wa pili. Anapoondoka mwaka wa tisa, anakuta mkataba wa kwanza umekwisha miaka sita iliyopita. Kila mkataba una saa yake, na saa ya kwanza ilianza kupiga siku mkataba wa kwanza ulipoisha. Nawahurumia sana walio katika hali hii, kwa sababu nani anayemshtaki mwajiri wake ilhali barua ya kuongezewa mkataba iko mezani ikingoja sahihi? Woga huo naujua. Lakini ni heri uujue pia uzito wa kukaa kimya. Angalau andika barua, udai kiinua mgongo cha mkataba uliokwisha, na weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua hiyo haisimamishi muda, ila itakuwa ushahidi siku utakayoamua kwenda mbele, na uamue kabla ya miaka mitatu.

Wasikilizaji, visingizio vya kutolipa ninavyovisikia ni vitatu, na kila kimoja kina jibu lake.

Cha kwanza ni bajeti. Mikataba mingi ya umma huisha tarehe 30 Juni, siku ambayo mwaka wa fedha wa serikali unafungwa. Mfanyakazi akienda Julai anaambiwa bajeti mpya imeshapitishwa na jina lake halimo. Asubiri bajeti ya nyongeza. Jibu ni kwamba kukosa kutenga fedha ni kosa la mwajiri. Alijua tangu siku ya kwanza ya mkataba kwamba deni hili litaiva tarehe fulani, na alijua kiasi chake.

Cha pili ni fomu ya kliaransi. Unaambiwa hukurudisha ufunguo wa stoo, kitambulisho cha kazi, au tarakilishi ya ofisi. Hapa nawaomba wafanyakazi wasiwape watu sababu. Rudisha kila kitu, fomu itiwe sahihi na kila idara, na uondoke na nakala yako siku hiyo hiyo. Nimeona mtu akizungushwa miezi minane kwa sababu ya ufunguo.

Cha tatu ni yale maneno “utendaji wa kuridhisha”. Deni likishadaiwa, ghafla mtu anaambiwa kazi yake haikuridhisha. Kama hukuwahi kupewa barua ya onyo, kama tathmini zako za kila mwaka zilikuwa nzuri, tena ukaongezewa mkataba, basi kisingizio hicho hakina mashiko. Lakini utathibitishaje bila karatasi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunza mkataba, barua za kuongezewa muda, tathmini, hati za mshahara na cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe unapoondoka. Na kama hujapewa nakala ya mkataba wako mwenyewe, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuiomba taasisi ya umma ikupe, nayo inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Tena, wajibu wa kuweka mkataba kwa maandishi ni wa mwajiri. Akishindwa kuutoa kesi ikianza, ni juu yake kukanusha yale unayosema mlikubaliana.

Ukiamua kwenda mbele, unakwenda wapi? Katiba ya mwaka 2010 ilitupa mahakama maalumu ya ajira na mahusiano ya kazi, yenye hadhi ya Mahakama Kuu. Inaketi Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri na miji mingine. Tangu mwaka 2018, mfanyakazi ambaye mshahara wake wa jumla hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza pia kusikilizwa na hakimu aliyepewa mamlaka hayo, karibu na nyumbani. Huna fedha za wakili? Sheria ya mahakama hiyo inakuruhusu kusimama mwenyewe, au kuwakilishwa na afisa wa chama chako cha wafanyakazi. Kuna pia Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo. Barua ya tume hiyo imewahi kufungua milango iliyokuwa imefungwa. Ila nayo haisimamishi kalenda, mkumbuke.

Sasa nifike mahali panaponiuma zaidi. Tuseme umewahi, umeshtaki, umeshinda. Jaji amesema ulipwe shilingi 446,400 pamoja na riba na gharama. Dhidi ya mwajiri wa kawaida, asipolipa, dalali wa mahakama angekwenda kuchukua gari na meza zake. Dhidi ya Serikali Kuu na serikali za kaunti, kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali kimekuwa kikizuia jambo hilo. Huwezi kuuza gari la wagonjwa la kaunti kwa mnada, na kwa kweli hakuna anayetaka gari la wagonjwa liuzwe. Sheria inakuelekeza njia nyingine. Baada ya siku 21 tangu hukumu, unaomba mahakamani cheti cha amri, kinachotaja kiasi unachodai. Unakipeleka kwa afisa mwenye mamlaka ya kuidhinisha matumizi. Katika wizara ni Katibu wa Wizara, katika kaunti ni afisa mkuu wa idara. Huyo anapaswa kulipa.

Asipolipa, unarudi mahakamani mara ya pili kuomba amri ya kumlazimisha atimize wajibu wake, ile ambayo wanasheria huiita mandamasi. Akiipuuza hiyo, unarudi mara ya tatu, sasa aitwe binafsi aeleze kwa nini asiadhibiwe kwa kudharau mahakama.

Hesabu nami, msikilizaji. Mtu mmoja, deni moja lisilobishaniwa, safari tatu za mahakamani. Kila safari ina nauli, ina nakala za karatasi, ina ada ya wakili, ina siku ambayo hakwenda kibaruani. Na kwa upande wa pili, wakili wa serikali analipwa kwa kodi yetu, na ile riba inayozidi kupanda itatoka pia katika kodi yetu. Kwa hivyo anayechelewesha haiokolei serikali chochote. Anaigharimu. Majaji wenyewe wamekuwa wakiuliza kama kinga hii ya zamani bado inafaa chini ya Katiba iliyotuahidi, katika kifungu cha 41, haki katika mahusiano ya kazi na ujira ulio wa haki. Nami nauliza pamoja nao.

Tuliona sura ya jambo hili waziwazi mwaka 2025. Wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020, wakati wa korona, chini ya mpango wa Afya kwa Wote, walipiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, jijini Nairobi. Walikuwa zaidi ya 7,000 kote nchini: wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara. Walidai ajira ya kudumu, na walidai pia kiinua mgongo cha miaka waliyokwisha kutumikia. Hawa ndio walioingia wodini wakati wengine wetu tulikuwa tumejifungia majumbani tukiogopa kugusa hata kitasa cha mlango. Watu walioitwa mashujaa kwa maneno walilazimika kulala kwenye baridi ya jiji kudai kilichoandikwa kwenye karatasi zao.

Nina neno kwa wanaosimamia fedha za umma: makatibu wa wizara, maafisa wakuu wa kaunti, wakurugenzi wa mashirika. Deni hili haliwavizii. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa msingi wa shilingi 40,000, asilimia 31 ni shilingi 12,400 kwa mwezi. Mngekuwa mkiziweka kando kila mwezi mnapolipa mshahara, siku mkataba unapoisha fedha zingekuwepo, na hakuna ambaye angehitaji barua, wala wakili, wala mandamasi. Mnapomwajiri mtu kwa mkataba bila kutenga kiinua mgongo chake, mnakopa kutoka mfukoni mwake bila kumwambia. Na dawa ya deni ni kulipa.

Mabunge ya kaunti na Bunge la Kitaifa nayo yanayo kazi. Makadirio ya matumizi yanapoletwa kila mwaka, ulizeni swali moja: mikataba mingapi inaisha mwaka huu, na viinua mgongo vyake viko kwenye mstari gani wa bajeti? Kama hakuna mstari, rudisheni makadirio hayo.

Na sasa nakugeukia wewe uliye kwenye mkataba. Usiku huu, kabla hujalala, utoe ule mkataba ulipouweka. Tafuta kifungu cha kiinua mgongo, ukisome neno kwa neno. Kisha tazama tarehe ya mwisho, uongeze miaka mitatu, uiandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani mahali ambapo mke au mume wako pia ataiona. Mkataba ukiisha, peleka dai lako kwa maandishi ndani ya mwezi wa kwanza. Mwaka mmoja ukipita bila malipo, mwone wakili au chama chako. Usingoje mwaka wa tatu, na barua nzuri zisikulaze.

Jirani yangu alikusanya karatasi zake, akazirudisha kwenye faili lile la samawati, akafunga kifungo. Baadaye alimwona wakili, naye alimweleza kwamba muda umepita. Kazi aliifanya, mkataba anao, kiasi kinajulikana, na barua za mwajiri wake mwenyewe hazikuwahi kukana kwamba anadai. Bado hajalipwa.